Kasa, mikoko, taka au matumbawe: ujitolee wapi baharini?

Tarehe 8 Juni ni Siku ya Bahari Duniani. Pita Coco Beach au Nyali siku hiyo utakuta vijana tele wenye fulana zinazofanana, glavu mikononi, wakipigana picha. Pita tarehe 9, utakuta wauza mihogo.

Si kwamba watu hawana nia. Wengi wanaouliza pa kuanzia wana nia ya kweli, ila huchagua kwa macho: wameona kitoto cha kasa kikikimbilia maji, wameona mzamiaji juu ya matumbawe ya kila rangi, basi wanataka hiyo. Wakifika wanakuta kazi yenyewe ni kutembea ufukweni usiku kucha bila kuona chochote, au kuzama kwenye tope hadi magotini, na safari yao inaishia hapo. Ndiyo maana nimeziweka hapa kazi nne ambazo mtu wa pwani yetu, au mtu wa bara anayeweza kusafiri, anaweza kujitolea: kulinda kasa, kupanda na kutunza mikoko, kuondoa taka, na kutunza matumbawe. Nazilinganisha kwa maswali ambayo ni vizuri uyajibu kabla hujafunga begi. Upendeleo wangu nautaja mapema: naipa uzito kazi iliyoanzwa na wenyeji, ambayo itaendelea mgeni akishaondoka.

Kazi zenyewe, kwa haraka

Bahari yetu ina kasa wa aina tano: kasa wa kawaida, ambaye wengine humwita kasa wa kijani, kisha ng'amba, duvi, kigome na noa. Anayetaga kwa wingi kwenye fukwe za Kenya na Tanzania ni huyo wa kawaida. Ng'amba hutaga kwa uchache. Watamu kuna Local Ocean Conservation, iliyoanza mwaka 1997, yenye doria za viota, hospitali ya kasa na mpango wa kuwaokoa wanaonaswa kwenye nyavu. Upande wa Tanzania kuna Sea Sense, iliyoanzia Mafia mwaka 2001 kisha ikaenea kwenye wilaya nyingine za pwani kama Pangani na Kilwa. Kazi yake inabebwa na watu waliochaguliwa vijijini mwao, wanaofahamu kila kipande cha ufukwe wao.

Mikoko ina sura nyingi, ila mfano unaotajwa kuliko yote ni Ghuba ya Gazi, Kaunti ya Kwale. Hapo vijiji vya Gazi na Makongeni vinaendesha Mikoko Pamoja, mradi ulioanza kuuza hewa ukaa, yaani kulipwa kwa hewa ukaa inayohifadhiwa na miti, kutokana na hekta 117 za mikoko mwaka 2013 na kupata Tuzo ya Ikweta mwaka 2017. Tanzania, msitu mkubwa kuliko yote uko kwenye delta ya Rufiji.

Taka hazihitaji utambulisho. Matumbawe ndiyo yanayohitaji maelezo kidogo, kwa sababu watu wakisikia "kutunza matumbawe" huwaza kuzamia na kupanda vipande vya matumbawe kwenye vyuma, kama wanavyofanya REEFolution huko Shimoni wakiwa na watu wa Mkwiro. Hiyo ni sehemu ndogo. Sehemu kubwa ni kulinda eneo lisivuliwe ili mwamba upumzike. Kenya maeneo ya aina hiyo huitwa tengefu, na Kuruwitu kule Kilifi, ambako wanakijiji walijipanga mwaka 2003 na kufunga takriban hekta 30 za bahari yao, ndiko kulikowafundisha wengine. Zanzibar kuna Chumbe, iliyotengwa mwaka 1994, ambako waliokuwa wavuvi ndio waliofunzwa kuwa walinzi wa mwamba.

| | Kasa | Mikoko | Taka | Matumbawe |
|---|---|---|---|---|
| Muda mfupi kabisa wenye faida | mwezi mmoja | siku moja, kisha urudi | asubuhi moja | miezi kadhaa |
| Gharama yako | malazi na chakula | nauli | karibu bure | kubwa, ukitaka kuzamia |
| Kinachochosha | kungoja | tope | kurudia | mafunzo |
| Utaona matokeo lini | pengine usiyaone | miaka mitatu au zaidi | papo hapo, kisha yanatoweka | miaka |

Jedwali hili linasema kweli lakini linaficha mengi, hasa safu ya mwisho, ile ya matokeo. Nitaifikia.

Muda wako na muda wa bahari

Hapa ndipo watu wengi wanapokwama. Mtu ana likizo ya wiki mbili mwezi Desemba, anataka kulinda viota vya kasa. Bahari haina habari na likizo yake. Watamu na Mafia viota vingi huonekana kuanzia karibu na Machi hadi Julai, na mayai hukaa mchangani takriban siku 50 hadi 60 kabla ya kuanguliwa, kwa hiyo vitoto huendelea kutoka hadi Septemba. Mwenye wiki mbili ataona mwanzo au mwisho, na pengine asione lolote. Kasa jike mwenyewe akisikia vishindo au akiona mwanga hugeuka akarudi majini bila kutaga.

Sehemu kubwa ya doria hufanyika alfajiri. Unatembea ukitafuta nyayo: mistari miwili ya mapezi iliyopanda kutoka majini na kushuka tena, kama njia ya trekta dogo. Ukiiona, unasoma kama ametaga au amegeuza njiani. Kiota kikiwa chini ya mstari wa maji ya bamvua huhamishwa juu, na kuna sheria ya mkono hapo: yai halizungushwi. Baada ya saa chache kijusi hujishika kwenye ganda, na ukiligeuza umekiua. Kwa sababu hiyo mgeni hapewi mayai siku ya kwanza wala ya pili, na wanaompa ndio unaopaswa kuwatilia shaka.

Mikoko nayo inakutaka ujue maji. Huwezi kupanga siku ya kupanda kwa kuangalia kalenda ya ofisi tu. Maji yakijaa saa nne asubuhi, basi lenu la wanafunzi 60 limekuja kutazama bahari. Kikundi cha kijiji kitakwambia siku gani maji yanakupwa mapema na miche ipi imekomaa. Mikoko ya juu, inayofikiwa na maji ya bamvua peke yake, hupandwa vyema wakati wa masika, chumvi ya udongo inapopungua.

Kwa matumbawe, kaskazi ndiyo rafiki yako. Kuanzia karibu na Novemba hadi Machi maji yanatulia na kuonekana hadi chini. Kusi ikivuma, mchanga unatibuka na mzamiaji haoni mkono wake. Lakini doria ya tengefu haina kaskazi wala kusi. Inahitaji watu zaidi siku za bamvua, mwamba unapokuwa wazi na watu wanatembea juu yake kutafuta pweza.

Taka ndizo pekee zisizochagua siku. Hata hivyo kusi hufikisha mzigo mkubwa kwenye fukwe zinazotazama bahari kuu, na hapo utaokota chupa zilizoandikwa Kiindonesia, zimevuka bahari nzima.

Mwili, ujuzi na adabu za mahali

Anayefikiri mikoko ni kazi nyepesi hajaingia. Mabuti ya mpira yanashikwa na tope, unatoa mguu yanabaki. Wenyeji huvaa viatu vikuukuu vya turubai vilivyofungwa kamba barabara. Peku usijaribu, kwa sababu mizizi ya mikoko imejaa chaza wanaokata kama wembe. Beba maji ya kunywa kuliko unavyodhani utahitaji. Ukimaliza nusu siku unajua umefanya kazi.

Kwa kasa, mwili unatakiwa uwe wa kutembea mchangani kilomita kadhaa na kisha kukaa kimya. Simu mfukoni. Taa nyeupe marufuku. Kama lazima, taa nyekundu hafifu. Watu wasioweza kukaa kimya kwa saa nzima, na wapo, wachague taka.

Kuzamia kunahitaji cheti, na cheti kinahitaji pesa ambayo Watanzania na Wakenya wengi hawaitumii kwa jambo la kujitolea. Nasema hivi bila kuwakatisha tamaa wenye uwezo. Ila mtu anayejua kuogelea, mwenye miwani na bomba la kupumulia, anaweza kufanya kazi ya maana kwenye mwamba wa kina kifupi: kuhesabu samaki waliotajwa kwenye orodha, kupiga picha matumbawe yaliyopauka, yaani yaliyogeuka meupe kwa joto la maji, na kutuma taarifa. CORDIO East Africa, yenye makao Mombasa na iliyoanzishwa baada ya joto la bahari la mwaka 1998 kuua matumbawe, hukusanya taarifa za kupauka kwa matumbawe kutoka kwa yeyote anayeyaona, mzamiaji au mwenye hoteli.

Taka zinamfaa kila mtu, watoto na wazee, lakini glavu ziwe nene. Pamoja na chupa na kandambili, utakuta sindano, vioo na nepi. Na jambo moja ambalo wafanya usafi wenye bidii hulikosea: majani bahari na mwani uliotupwa na mawimbi si taka. Ule utepe mweusi unaonuka ndio unaoshika mchanga usiliwe na maji, na ndio chakula cha wadudu na ndege. Hoteli nyingi huuzoa kila asubuhi ili mgeni asinung'unike. Wewe uache ulipo. Wala usitumie reki ya chuma kwenye ufukwe wa viota.

Kuhusu adabu: Mafia, Pemba, Gazi, Lamu ni sehemu zenye Waislamu wengi. Vaa nguo za kujistiri, msalimie mzee kwa shikamoo kabla hujamuuliza lolote, na ukienda Ramadhani usitoe chupa ya maji katikati ya watu waliofunga na kufanya kazi juani. Mwanamke anayekwenda doria ya usiku aulize mapema atakwenda na nani. Kikundi kizuri kitakuwa na jibu tayari, na mara nyingi kitampa mwenzake wa kike. Kupanda mikoko kwa upande mwingine ni kazi iliyojaa akina mama. Gazi, daraja la mbao linalopita ndani ya mikoko kwa ajili ya wageni linaendeshwa na kikundi cha wanawake wa hapo.

Nani analipa, nani analipwa

Swali hili huulizwa kwa aibu na halipaswi kuwa hivyo. Kuna mipango, hasa iliyolengwa kwa wageni kutoka Ulaya na Marekani, inayomtoza mtu kwa wiki pesa ambayo mwalimu wa kijiji haipati kwa mwezi. Si kosa yenyewe. Hospitali ya kasa ina gharama, na ada ya mgeni inaweza kununua dawa na kulipa mshahara wa kijana wa hapo. Kosa ni pale ada inapobaki mjini au ng'ambo na kijijini kinafika kisalio. Uliza kwa maneno haya haya: kati ya ninacholipa, kiasi gani kinafika kwa watu wanaofanya doria nikiwa sipo?

Swali la pili ni gumu zaidi. Je, nikifanya kazi hii bure, nani anapoteza kibarua? Watamu kuna watu wanaojipatia kipato kwa kukusanya plastiki za ufukweni zipelekwe kuchakatwa. Ukileta wafanyakazi 100 wa benki waokote bure kila Jumamosi na kuzitupa dampo, umewaondolea riziki na umezima mfumo uliokuwa ukifanya kazi. Afadhali hao wafanyakazi wa benki wapeleke walichookota kwa wale wakusanyaji.

Kwa upande wa kasa, mpango wa wavuvi wa Watamu unastahili kusomwa na kila mwenye kupenda kujitolea. Mvuvi akimkuta kasa amenaswa, anapiga simu badala ya kumchinja au kumtupa. Wahifadhi wanafika, wanampima, wanamtia alama, wanamwachia baharini, na mvuvi anapewa kifuta jasho kidogo cha simu na muda wake. Si bei ya kasa, maana hiyo ingekuwa biashara. Kwa njia hiyo wamerudisha majini kasa kwa maelfu. Nani alijitolea hapo? Mvuvi, kwanza kabisa.

Wasomaji wenye pasipoti za nje, hata kama mmezaliwa Tanga: Tanzania inahesabu kujitolea kuwa shughuli inayohitaji kibali cha ukaazi, daraja C. Shirika litakalokwambia "ingia tu na viza ya utalii" linakuweka wewe hatarini.

Kinachobaki ukishaondoka

Sasa ile safu ya mwisho ya jedwali.

Mikoko ina picha nzuri kuliko kazi zote nne na ina makaburi mengi kuliko zote. Watu hupanda miche 5,000 kwa siku moja, kiongozi akapanda wa kwanza, na baada ya mwaka hakuna hata mia. Sababu inajulikana. Mikoko ni ya aina nyingi, na aina mbili, mkoko wenyewe na mkandaa, zina mbegu ndefu unazozichomeka tope tu zikasimama, kwa hiyo ndizo zinazopandwa kila mahali, hata pasipo pao. Mbele kabisa, panapopigwa na mawimbi, ni pa mlilana. Mchu hukaa pande zote mbili, mbele na nyuma kabisa, kwenye chumvi kali. Muia na mkomafi wana mahali pao. Ukichomeka mkoko kwenye tope tupu la mbele, pengine juu ya majani bahari ambayo nguva na kasa wangekula, umeharibu vitu viwili kwa mkupuo mmoja.

Wakati mwingine hata kupanda si dawa. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha matope mengi hadi mikoko ya Mwache, Mombasa, ikakosa hewa na kufa. Pahali kama hapo, au pale barabara ilipoziba mkondo, dawa ni kufungua njia ya maji. Maji yakipita, mbegu huja zenyewe. Kuchimba mfereji hakuna fulana wala kiongozi. Kwa hiyo ukiitwa kupanda mikoko, uliza: miti iliyokuwa hapa ilikufa kwa nini? Kisha uliza nani atakuja kuhesabu miche baada ya miezi sita. Mikoko Pamoja hawana ujanja kwenye hilo: wanauza takriban tani 3,000 za hewa ukaa kwa mwaka, na mnunuzi anataka hesabu. Pesa imeingia kwenye maji ya bomba na shule za hapo, na kwa sababu hiyo mti una mwenyewe.

Kasa ni hadithi nyingine. Inakadiriwa kwamba katika vitoto elfu, kimoja ndicho hufikia ukubwa wa kuzaa. Kwa hiyo jike mmoja mkubwa aliyeokolewa kwenye jarife ana thamani kuliko kiota kizima, na mara nyingi kuliko viota vingi. Jarife, ule wavu wa macho makubwa unaotegwa kwa papa na taa, ndio unaowamaliza kasa, na ndio uliowamaliza nguva pia. Nguva wa pwani ya Afrika Mashariki waliwekwa mwaka 2022 kwenye kundi la walio hatarini kabisa kutoweka. Kuhesabu mayai ni kazi njema, lakini ukipewa kuchagua kati ya kuhesabu mayai na kukaa bandarini na wavuvi, nenda bandarini.

Ipo habari njema ya kweli. Oktoba 2025 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, ilimwondoa kasa wa kawaida kwenye orodha ya walio hatarini duniani, baada ya miongo ya kulinda fukwe na kuzuia biashara yake. Ng'amba bado yuko hatarini kabisa. Na hali ya dunia nzima si hali ya ufukwe wako; mahali ambapo majike waliliwa wote hakuna takwimu ya dunia itakayowarudisha.

Nikitaja kula, lazima nitaje Pemba. Machi 2024 watu tisa, wanane kati yao watoto, walifariki Kisiwa Panza baada ya kula nyama ya kasa. Kabla ya hapo, mwaka 2021, watu saba walikufa Pemba kwa sababu hiyo hiyo. Sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha na haijulikani kwa macho. Kwa familia ile, nyama ya kasa ilikuwa kitoweo cha siku, tena cha kugawana na majirani. Hakuna mgeni mwenye kamera atakayelizungumza jambo hilo na mama aliyefiwa. Anayeweza ni mtu anayejua Kiswahili cha hapo, anayejua kukaa barazani na kusubiri zamu yake ya kusema.

Ni kwa sababu hiyo siamini kwamba mikono ndiyo wanayokosa. Vijiji vya pwani vina mikono. Vinakosa mtu wa kuandika hesabu za kikundi vizuri ili wafadhili wasiwe na kisingizio. Mwalimu wa kubadilisha somo la bahari liwe la kueleweka darasa la tano. Fundi wa simu wa kuwawekea wanadoria fomu ya kuandikia takwimu. Mtu wa sheria wa kueleza kamati ya wavuvi wana mamlaka gani juu ya mwamba wao. BMU nyingi, zile kamati za wenyeji za kusimamia ufukwe na uvuvi, zina sanduku la makaratasi ambalo hakuna aliyelifungua kwa utaratibu. Ukiwa mhasibu, lile sanduku ndilo tengefu lako.

Taka, je? Ufukwe uliosafishwa leo utachafuka wiki ijayo, na mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya tarehe 28 Agosti 2017 na Tanzania tarehe 1 Juni 2019 kwa sheria, si kwa kuokota. Lakini sheria zinahitaji ushahidi, na hapa kuokota kunageuka kuwa kazi nzito: badala ya kujaza mifuko na kuondoka, unamwaga taka, unazitenga, unahesabu chupa za kila kampuni, unaandika. Nipe Fagio, Dar es Salaam, wamekuwa wakifanya hivyo. Karatasi yenye jina la kampuni na idadi ya chupa zake inamsumbua mwenye kiwanda kuliko picha ya watu wanaotabasamu. Tangu 2018 kuna pia Flipflopi, jahazi lililoundwa Lamu kwa tani kumi za plastiki zilizookotwa, ambalo mwaka 2019 lilisafiri hadi Zanzibar. Lilionyesha mafundi wa majahazi wana ufundi wa kuifanya taka mali. Kiasi cha taka lilichoondoa si hoja.

Matumbawe yananipa shida kuyapigia debe kwa mjitoleaji wa muda mfupi. Joto la bahari la 1998 liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani yetu, na joto limerudi mara kadhaa tangu hapo. Kipande ulichopanda hakina kinga dhidi ya joto. Kinachosaidia mwamba kupona ni kuwa na samaki wa kutosha wanaokula mwani, na hao wanakuwepo pale pasipovuliwa hovyo. Kwa hiyo tunarudi kwenye tengefu, na kwenye mpango wa kufunga mwamba kwa miezi ili pweza wakue, ambao shirika la Mwambao limeusaidia Unguja na Pemba. Siku ya kufungua, pweza wanapimwa, bei inaandikwa, na kuna kelele za kila aina. Kama kuna siku moja ya kumpeleka kijana mwenye shaka, ni hiyo.

Nani aende wapi

Mwanafunzi wa chuo mwenye miezi mitatu: kasa, Watamu au kijiji cha Tanzania chenye watu wa Sea Sense, na ajiandae kufanya kazi na wavuvi zaidi ya vitoto. Baba au mama mwenye watoto wa shule Mombasa au Dar: taka, lakini kwa kuhesabu, na ufukwe uleule mmoja kila mwezi. Mwajiri anayetaka siku ya wafanyakazi: asipande mikoko. Alipie mwaka mzima wa kitalu cha kikundi, kisha awapeleke watu wake kupalilia na kuhesabu. Mhasibu, mwalimu, mwanasheria: BMU au kamati ya wavuvi ya shehia iliyo karibu, jioni mbili kwa mwezi. Mzamiaji mwenye cheti tayari: Shimoni, na taarifa za kupauka popote unapozama.

Ndugu zetu walioko Oman wana fukwe zao: Ras al Jinz hutaga kasa wa kawaida, na kisiwa cha Masirah ni moja ya sehemu kubwa duniani za kutaga duvi, ambako nyavu zilizotelekezwa huondolewa na watu wa kujitolea. Walioko mbali na bahari kabisa wanaweza kufanya kazi kwa kompyuta. Papa potwe wa Mafia, kwa mfano, hutambuliwa kwa madoa ya ubavu wa kushoto nyuma ya matamvua, na picha zinahitaji macho ya kuzipanga. Na mtu wa Dodoma au Morogoro ana mto unaoshuka pwani na kila kinachotupwa humo.

Ukishachagua, piga simu, na usianze kwa kueleza unachotaka kufanya. Uliza: mwezi gani mnakosa watu? Kwa kasa usishangae ukijibiwa Aprili na Mei. Masika inanyesha, hoteli zimefungwa, barabara ya Mafia ni tope, na viota vinaongezeka kila usiku.